UZI: Umeme ukirudi seva inamwaga maombi ya wateja, na kadi ya mtandao haina kosa

Fundi_Moshono | Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Nimekwama, naomba msaada kabla wateja hawajanifuata nyumbani.

Tunauza intaneti ya mtaani hapa Arusha, antena juu ya mapaa, wateja kama 640 kuanzia Moshono na Kijenge mpaka Njiro. Kila mteja anaingia kwa PPPoE, yaani kwa jina na nenosiri lake, na rauta za minarani zinaiuliza seva moja ya FreeRADIUS kama huyu kalipia au hajalipia. Seva ni Linux ya Debian, RAM ya GB 16, diski ya kuzunguka ya kizamani, kanzidata ya MariaDB humo humo ndani.

Siku za kawaida hakuna shida. Shida ni umeme. Ukikatika halafu ukarudi, wateja wote wanapiga hodi kwa mkupuo. Nusu wanaingia, nusu wanazungushwa dakika ishirini au zaidi, na simu yangu inaita kama ya mganga wa kienyeji.

Nilichoangalia: prosesa haifiki hata asilimia 20. RAM ipo. Logi ya RADIUS haina kosa lolote, wale wanaokataliwa hata majina yao hayaonekani. Nikawasha tcpdump, ile programu ya kuchungulia paketi, maombi yao nayaona yanaingia kwenye seva kwa macho yangu. Sasa yanaingia halafu yanakwenda wapi?

Kitu kingine, sijui kama kinahusu: wiki iliyopita diski ilijaa hadi asilimia 94, ikabidi nifute logi za zamani. Hiyo ni kesi nyingine, nitakuja nayo siku yake.

Kifodi_Sakina | Jumanne, saa 3:52 usiku

Hiyo ndogo mkuu. Bafa ya soketi imejaa. Weka hizi kwenye /etc/sysctl.conf:

net.core.rmem_max = 26214400
net.core.rmem_default = 26214400

Halafu sysctl -p, ulale. Asante yangu ni nusu kilo ya mbuzi pale Kwa Mrombo.

MamaSeva | Jumanne, saa 4:15 usiku

Kifodi, wewe kila mgonjwa unampa panadoli. Inawezekana umepatia, lakini hujampima.

Fundi, kaka yangu, twende taratibu. Paketi, yaani kifurushi cha data, ikifika kwenye seva inapita milango kadhaa, na kila mlango una mahali pake pa kumwagia. Kwanza kadi ya mtandao na foleni yake. Pili foleni ya kerneli (kiini cha Linux) ya kila prosesa. Tatu bafa ya soketi yenyewe, ambako paketi inasubiri programu ije kuichukua. tcpdump inachungulia kati ya mlango wa kwanza na wa tatu. Kwa hiyo kuiona paketi kwenye tcpdump maana yake imefika uani tu, haimaanishi FreeRADIUS imeipata. Na logi ya FreeRADIUS haiwezi kuandika habari za mgeni ambaye hakufika mezani. Hapo ndipo wengi tunapotezwa: logi iko kimya, tunadhani programu ni nzima.

Nipe hizi, wakati tatizo linaendelea, siyo kesho yake asubuhi mambo yametulia:

ethtool -S eno1 | grep -E 'missed|no_buffer'
cat /proc/net/softnet_stat
nstat -az | grep -E 'UdpInErrors|UdpRcvbufErrors'
ss -uanm

Usisahau hizo herufi az kwenye nstat. Bila a inakuonyesha tofauti tangu ulipoiita mara ya mwisho, utaona sifuri ushangilie bure. Kwenye softnet_stat, safu ya pili ndiyo ya zilizotupwa, imeandikwa kwa namba za msingi wa 16, usitishike na herufi.

Na uniambie seva ina siku ngapi tangu iwashwe, na huduma ya FreeRADIUS ina siku ngapi. Kaunta hizi hazikuanza kuhesabu siku moja: ya nstat inahesabu tangu mashine iwake, ya ss inahesabu tangu soketi ifunguliwe.

Fundi_Moshono | Jumatano, saa 6:05 usiku

Asante dada. Sikutaka kusubiri umeme ukatike, nimezima swichi kuu ya mnara wa Njiro kwa dakika moja nikawasha. Mungu anisamehe, walikuwa wamelala wengi. Majibu:

rx_missed_errors: 0
rx_no_buffer_count: 0

softnet_stat safu ya pili ni sifuri mistari yote.

UdpInErrors 51877
UdpRcvbufErrors 51877

Na ss, nimekata mistari isiyohusu:

UNCONN 214272 0 0.0.0.0:1812
skmem:(r214272,rb212992,t0,tb212992,f2816,w0,o0,bl0,d31406)
UNCONN 214272 0 0.0.0.0:1813
skmem:(r214272,rb212992,t0,tb212992,f2816,w0,o0,bl0,d20468)

Seva ina siku 211 haijazimwa. Huduma ina siku 19.

Kifodi_Sakina | Jumatano, saa 6:11 usiku

Si nilisema? Mbuzi asikaushwe sana.

MamaSeva | Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Haya, sasa tumepima. Kadi haina kosa, foleni ya kerneli haina kosa. UdpInErrors na UdpRcvbufErrors ziko sawasawa, maana yake hakuna paketi iliyokataliwa kwa kuharibika njiani, zote zimekataliwa kwa sababu bafa imejaa. Na d ya mwisho kwenye skmem inakutajia na mlango: 31406 kwenye 1812, ile ya kuuliza kama mteja aingie, na 20468 kwenye 1813, ile ya hesabu za matumizi.

Sasa tazama kitu kizuri hapa. rb, yaani ukubwa wa bafa, ni 212992, sawa na KB 208. Ombi la RADIUS kwa kawaida ni baiti mia tatu hivi. Ukigawanya kichwani unapata kama paketi mia saba, unasema inatosha. Siyo hivyo. Kerneli haihesabu uzito wa mzigo, inahesabu na gunia lake. Kadi nyingi zinapokea kila paketi kwenye kipande cha kumbukumbu cha baiti 2048 hata kama paketi ni ndogo kama kiberiti, halafu kerneli inaongeza baiti 256 za karatasi zake. Jumla 2304. Chukua r yako, kile kilichomo kwenye bafa, 214272, gawa kwa 2304. Inatoka 93 kamili, hakuna salio.

Paketi 93! Hilo ndilo benchi lote la kusubiria ulilonalo kwa wateja 640.

dogo_wa_pasua | Jumatano, saa 2:02 asubuhi

Shikamooni. Dada, mbona r imezidi rb? 214272 ni kubwa kuliko 212992. Na hiyo 212992 imetoka wapi, mbona siyo namba ya duara?

MamaSeva | Jumatano, saa 2:30 asubuhi

Marahaba mdogo wangu. Kerneli inauliza kabla ya kupokea: benchi limeshajaa? Kama halijajaa inaingiza mmoja, hata kama huyo mmoja atakaa nusu makalio nje. Paketi 92 ni 211968, bado chini ya 212992, kwa hiyo ya 93 ikaruhusiwa. Ya 94 ikafungiwa mlango.

Na 212992 ni 256 mara 832. Waandishi wa kerneli walikadiria paketi 256 zenye baiti 256 kila moja, na 832 ni paketi hiyo pamoja na gunia lake kwa hesabu yao. Kadi ya Fundi ina magunia makubwa zaidi, ndiyo maana hata 256 hapati.

Fundi_Moshono | Jumatano, saa 5:48 asubuhi

Nimeweka namba za Kifodi. sysctl inasoma 26214400. Nimezima tena Njiro (nimeshazoea dhambi) na ss bado inaonyesha rb212992. Kerneli inanidanganya?

MamaSeva | Jumatano, saa 5:55 asubuhi

Haikudanganyi. rmem_default inatumika siku soketi inazaliwa. Soketi yako imezaliwa siku 19 zilizopita. Washa huduma upya.

Wenye programu zinazojiombea bafa zenyewe kwa SO_RCVBUF nao wajue: ukiomba zaidi ya rmem_max, kerneli inakukatia kimya kimya na kurudisha jibu la mafanikio. Na ile inayokubali inaizidisha mara mbili, ili kufidia hayo magunia. Kwa hiyo usiiamini programu ikisema imepata kiasi gani, amini rb kwenye ss.

Fundi_Moshono | Jumatano, saa 4:30 usiku

Wakuu, mambo yameharibika zaidi.

Niliwasha upya, rb ikawa 26214400, d ikakaa sifuri, nikafurahi. Saa 1:10 jioni umeme ukakatika kweli, upande wa Njiro na Kijenge, ukarudi baada ya robo saa. Hakuna paketi hata moja iliyomwagika. d0 mpaka sasa. Lakini wateja walioingia ni WACHACHE kuliko jana! Kuna mwenye nyumba ya wageni kaingia saa 2 na nusu. Nilipotazama Recv-Q ya 1812 ilikuwa 9400320 na haishuki.

Kifodi, mbuzi wako sahau.

Kifodi_Sakina | Jumatano, saa 4:41 usiku

Mimi nilitibu nilichoonyeshwa. d si sifuri?

Mzee_wa_UsaRiver | Alhamisi, saa 12:15 asubuhi

Habari za asubuhi vijana. Nimeusoma uzi wote, mke wangu ananiita chai ya pili.

Kifodi ametibu kidonda cha juu. Mashine ya kusaga ina sanduku lake juu la kumiminia mahindi. Mahindi yakimwagika, mwenye mashine anaweza kununua sanduku kubwa zaidi. Haliongezi kasi ya jiwe. Mahindi hayamwagiki tena, lakini unga wa mama wa asubuhi unatoka jioni, na yeye keshaondoka na kifodi (daladala ndogo) cha mwisho.

Tufanye hesabu ya Fundi. 9400320 gawa kwa 2304 ni paketi 4080 zinasubiri. Seva yako inamaliza ngapi kwa sekunde? Hujasema, lakini ngoja nibahatishe 90, nitaeleza kwa nini. 4080 kwa 90 ni sekunde 45. Rauta ya mnara inasubiri jibu kwa muda gani? Kama ni zile ninazozijua, ni sehemu ya sekunde. Kwa hiyo kila ombi FreeRADIUS inalolichukua mkononi ni maiti. Aliyeuliza alishakata tamaa, mteja amepiga upya, na ombi lake jipya limekaa nyuma ya maiti ya ombi lake la kwanza. Seva inafanya kazi usiku kucha kujibu watu walioondoka. Bafa ndogo ilikuwa inakuumiza, lakini angalau ilikuwa inatupa maombi yakiwa bado mabichi, rauta ikarudia. Ukiijaza hiyo bafa ya Kifodi mpaka juu ni paketi zaidi ya 11,000, dakika mbili na zaidi za foleni. Hakuna mteja wa RADIUS duniani anayesubiri dakika mbili.

Kwa nini 90? Diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. MariaDB kwa mpangilio wake wa kawaida inahakikisha kila muamala umefika kwenye sahani ya diski kabla ya kusema tayari. Maombi yakienda moja baada ya jingine, kila moja linangoja mzunguko wake, na ukitoa ya hapa na pale unabaki na themanini, tisini. Ndiyo maana prosesa yako imelala. Haina kazi, inangoja diski.

Lakini FreeRADIUS haitakiwi kwenda moja baada ya jingine. Ina nyuzi nyingi za kufanyia kazi (nyuzi za programu, siyo uzi huu), zinangoja kwa pamoja. Na hapa MamaSeva aliuliza swali zuri kuliko yote kisha akalisahau kwa utamu wa hesabu za magunia. Siku 211 na siku 19. Tangu mashine iwake zimemwagika 51877. Kwenye soketi hizi mbili zenye siku 19 zimemwagika 31406 na 20468, jumla 51874. Toa. Zinabaki TATU. Mna maana siku 192 kabla ya hapo, umeme ule ule wa Arusha, bafa ile ile ya paketi 93, mlipoteza paketi tatu?

Siku 19 zilizopita mtu aligusa kitu. Fundi, nipe hizi mbili:

ls /proc/$(pidof freeradius)/task | wc -l
ps -ef | grep freeradius

Na ile diski iliyojaa logi, uliyosema ni kesi nyingine, nadhani ni kesi hii hii.

MamaSeva | Alhamisi, saa 1:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimekubali, nilipitiwa na hizo tatu.

Fundi_Moshono | Alhamisi, saa 2:20 asubuhi

Shikamoo mzee. Ya kwanza imejibu 1.

Ya pili imejibu hivi, mwisho wa mstari:

/usr/sbin/freeradius -f -X

Mzee_wa_UsaRiver | Alhamisi, saa 2:26 asubuhi

Marahaba. Basi.

-X ni ya kuchunguzia tatizo. Inaifanya FreeRADIUS iwe na uzi mmoja tu, na iandike kila herufi ya kila ombi. Ombi moja la hesabu za 1813 likikwama kwenye diski, na wanaogonga 1812 wote wanasimama. Na hayo maandishi yote yanakwenda kwenye logi ya mfumo, diski ile ile. Mmefunga mashine kamba miguu yote miwili.

Tazama ndani ya /etc/default/freeradius.

Fundi_Moshono | Alhamisi, saa 2:58 asubuhi

FREERADIUS_OPTIONS="-X"

Ipo. Nimeangalia tarehe ya faili ni Ijumaa siku 19 zilizopita kuanzia jana. Nilitaka kumlaumu kijana tuliyekuwa naye, lakini Ijumaa hiyo alikuwa kwao Marangu kwenye msiba. Ni mimi. Kuna mteja wa Kijenge nenosiri lake lilikuwa linakataa, nikaweka -X nimchunguze, nikampata, nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Naomba mods msiupandishe juu huu uzi.

Kifodi_Sakina | Alhamisi, saa 3:10 asubuhi

Uupandishe kabisa, na nusu kilo iwe kilo.

dogo_wa_pasua | Alhamisi, saa 4:00 asubuhi

Samahanini kuingilia. Na mimi nina yangu hapa Moshi, ila ni TCP, siyo UDP kama RADIUS yenu. Seva ya matokeo ya mitihani ya ndani ya shule, Ubuntu 18.04, nginx na PHP. Siku ya kutoa matokeo wazazi wanaambiwa tovuti haipatikani. Nimeona hii kwenye netstat -s:

8914 times the listen queue of a socket overflowed

Niongeze tcp_rmem? Nimeona blogu moja imeandika hivyo.

MamaSeva | Alhamisi, saa 4:25 asubuhi

Hapana, hizo ni bafa mbili tofauti. tcp_rmem ni ya data baada ya muunganisho kukamilika, na hapo TCP haimwagi kama UDP: bafa ikikaribia kujaa inamwambia mwenzake apunguze mwendo. Tena tcp_rmem inajipanua yenyewe, iache. Ukiona Recv-Q kubwa kwenye muunganisho uliokamilika, ujue programu haisomi, basi.

Yako ni foleni ya mlangoni, ya waliomaliza kusalimiana na kerneli wakisubiri nginx iwapokee. Piga ss -lnt siku ya vurugu. Kwenye soketi inayosikiliza, Recv-Q ni waliopo kwenye foleni na Send-Q ni urefu wa foleni yenyewe.

dogo_wa_pasua | Alhamisi, saa 4:31 asubuhi

Nilipiga picha siku ile: Recv-Q 129, Send-Q 128. Tena imezidi kwa moja!

MamaSeva | Alhamisi, saa 4:40 asubuhi

Ndiyo yule yule wa nusu makalio. Nginx kwenye Linux inaomba foleni ya 511, lakini kerneli inachukua iliyo ndogo kati ya hiyo na net.core.somaxconn. Hiyo kerneli yako ya 4.15 ina 128. Ilipandishwa kuwa 4096 kuanzia Linux 5.4. Weka 1024, washa nginx upya kabisa, uangalie Send-Q imebadilika.

Lakini umesoma uzi wa Fundi? Usiishie hapo. Fungua faili la www.conf la PHP-FPM, tazama pm.max_children, idadi ya michakato ya PHP inayoruhusiwa kufanya kazi kwa pamoja. Kama hukuwahi kuligusa ni 5. Wazazi elfu wanahudumiwa na watu watano, na foleni ndefu itakuwa sanduku la Kifodi. Hesabu kila mchakato wa PHP unakula RAM kiasi gani ndipo upandishe.

Mzee_wa_UsaRiver | Alhamisi, saa 5:10 asubuhi

Na mwenye mfumo wa FreeBSD badala ya Linux asitafute ss, haipo. Ni netstat -Lan kwa foleni za mlangoni, na netstat -s -p udp kwa UDP, kuna mstari wa "dropped due to full socket buffers". Foleni ya mlangoni ikijaa dmesg inakuambia "Listen queue overflow: 193 already in queue". Watu wanauliza 193 ya nini: foleni ni 128, FreeBSD inavumilia mara moja na nusu, 192, anayefuata ndiye wa kulalamikiwa. Solaris nako kulikuwa na udpInOverflows kwenye netstat -s, nimeitazama hiyo namba usiku mwingi kuliko nilivyotazama nyota.

Mambo ni yale yale tangu soketi zilipotoka Berkeley na 4.2BSD mwaka 1983. Majina tu.

Fundi_Moshono | Alhamisi, saa 10:15 jioni

Nimetoa -X. Sasa nyuzi ni 6 kwa kuanzia, na zinaongezeka kazi ikizidi. Mzee, bafa niirudishe 212992 au niiache ya Kifodi?

Mzee_wa_UsaRiver | Alhamisi, saa 11:02 jioni

Wala moja wala nyingine. Jiulize rauta inasubiri sekunde ngapi, na seva inamaliza maombi mangapi kwa sekunde. Zidisha hizo mbili: paketi zaidi ya hapo hazina faida kuzihifadhi, zitakuwa zimekufa zikifikiwa. Halafu zidisha kwa 2304 yako.

Kabla ya hapo, ondoa diski katikati. FreeRADIUS inakuja na mpangilio unaoitwa buffered-sql: taarifa za 1813 zinaandikwa kwanza kwenye faili la kawaida, rauta inajibiwa papo hapo, halafu msomaji mmoja anazipeleka kwenye kanzidata kwa mwendo wake. Watu wa 1812 hawamsubiri tena.

Na taarifa za matumizi mmeziweka kila baada ya muda gani?

Fundi_Moshono | Alhamisi, saa 11:20 jioni

Kila sekunde 60. Bosi alitaka mteja aone salio lake likishuka laivu.

Mzee_wa_UsaRiver | Alhamisi, saa 11:34 jioni

RFC 2869, waraka wa nyongeza za RADIUS, inasema isiwe chini ya 60 kwa vyovyote, na inafaa isiwe chini ya 600. Mmekaa kwenye ukingo wa shimo.

Na kuna hili. Umeme ukirudi, wateja wote wanaanza dakika moja. Kwa hiyo taarifa zao zote zinakuja dakika moja, na dakika inayofuata tena, na inayofuata, kama gwaride. Wastani wa wateja 640 kwa sekunde 60 ni maombi 10 na kitu kwa sekunde, ukiuweka kwenye grafu unaona seva imepumzika. Lakini hayaji 10 kila sekunde. Yanakuja karibu yote ndani ya sekunde chache, halafu kimya. Grafu yenye wastani wa dakika tano haitakuonyesha kamwe. Benchi la paketi 93 linaliona.

Fundi_Moshono | Ijumaa, saa 3:50 usiku

Mrejesho wakuu.

Nimeweka 600, bosi amenuna kidogo. buffered-sql inafanya kazi. Muda wa rauta kusubiri jibu ulikuwa milisekunde 300, nimeweka sekunde 3. Nimepima seva kwa kuzima Njiro mara ya mwisho, inamaliza kama 300 kwa sekunde bila kuhema. 300 mara 3 ni 900, mara 2304 ni 2073600, nimeweka rmem_default 2097152 na nikawasha huduma upya, rb nimeihakikisha.

Leo saa 12:50 jioni umeme ulikatika wenyewe, safari hii mpaka Moshono. Ukarudi saa 1:35. Nilikuwa nimekaa mbele ya ss inayojirudia kila sekunde, chai imepoa mkononi. r ya 1812 ilipanda mpaka 41472, nikagawa kwa 2304 kwa kalamu, paketi 18. Ikashuka. d0 zote mbili. Dakika ya nne wateja waliokuwa na umeme wote walikuwa ndani.

Simu iliita mara moja. Ni yule mwenye nyumba ya wageni, anauliza kwa nini salio lake halishuki laivu.

Kifodi_Sakina | Ijumaa, saa 3:58 usiku

Kesho saa 8 Kwa Mrombo. Mzee utakuja na kifodi gani?

Mzee_wa_UsaRiver | Ijumaa, saa 4:20 usiku

Nitakuja na pikipiki ya jirani. Niagizieni ndizi kabla sijafika, jiko lile nalo lina foleni.